Mtoto Anayesoma Anataka Msikilizaji

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza kwenye mkutano wa wazazi na walimu wa shule ya msingi, wilayani Magu, mkoani Mwanza

Mwangaluka!

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, Mtendaji wetu wa Kijiji, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi mabibi na mababu mliokuja na wajukuu: asanteni kwa kunialika. Nimeambiwa nina nusu saa. Mwalimu wa darasa la kwanza anaijua nusu saa vizuri, maana ndio urefu wa kipindi chake. Basi naanza na hesabu ya hiyo nusu saa.

Darasa langu la mwisho, kabla sijastaafu mwaka 2022, lilikuwa na watoto 134. Kipindi ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Nikiingia nikaanza kufundisha papo hapo, sijaita majina, sijafuta ubao, hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni, kila mtoto anapata sekunde 13 za mwalimu wake. Kumi na tatu! Ukikohoa na kusafisha koo zimekwisha. Na mtoto anayefuata kwa kidole "ba-ba a-na-li-ma sha-mba" anaweza kuzimaliza zote kwenye sentensi hiyo moja.

Simlaumu mtu. Ule Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango, mwaka 2016 watoto walimiminika. Nchi nzima darasa la kwanza lilipokea takriban watoto milioni 2. Kwangu walikuja wengine wana miaka 10, magoti yanagonga dawati. Nilifurahi, na jioni nilipohesabu madawati nikakaa chini nikashika kichwa. Ila sitaki turudi kule ambako mtoto anachunga ng'ombe kandokando ya barabara akiwatazama wenzake wanapita na madaftari. Darasa lijae. Lakini sekunde 13 zitabaki kuwa 13, na hizo zinazopungua lazima zitoke mahali. Zitatoka nyumbani kwenu. Hilo ndilo nililokuja kusema. Mengine yote ni namna ya kulifanya.

Najua kuna mama hapa anasema moyoni: huyu mwalimu ananionea, mimi mwenyewe sijui kusoma. Mama, wewe ndiye nitakayeanza na wewe.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1970. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee mnakumbuka. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wengi wa nchi hii, zaidi ya nusu, hawakujua kusoma wala kuandika. Huku kwetu Kanda ya Ziwa mradi wa kisomo ulikuwa umeshaanza tangu 1968 na makao yake yalikuwa Mwanza, na vitabu vyake havikuwa vya sungura na fisi. Vilikuwa vya pamba, vya migomba, vya uvuvi. Mtu alijifunza herufi na kilimo kwa pamoja. Kina mama walikuwa wakikutana chini ya mwembe jioni, wametoka kuchuma pamba, vidole vimechubuka. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alianza kisomo mimi nikiwa darasa la pili.

Kabla ya hapo, ule mwaka wangu wa kwanza shuleni, mama hakujua hata a. Na bado kila jioni aliniita jikoni. Yeye anasonga ugali, mimi nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, koroboi inatoa moshi. Ananiambia: "Soma." Nikisoma anageuza mwiko. Nikinyamaza, mwiko unanyamaza. Hakuniambia nimekosea, angejuaje? Alisubiri tu. Kisha akauliza: "Halafu huyo mbuzi akaenda wapi?" Nikajua kwamba amenisikiliza, na kwamba nikisoma ovyo mbuzi atapotea na swali litanishinda.

Kufika mwaka 1986 takwimu za taifa zilisema wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja katika watu wazima kumi. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya taifa zima, na sifa zake zinajulikana. Lakini hili la mama asiyejua herufi anayemfundisha mtoto kusoma kwa masikio, hilo sijasikia likisemwa kwenye sherehe. Nimelibeba miaka yote niliyofundisha.

Sasa, mtasema: je, kama mtoto ananidanganya? Anafungua kitabu anatiririka kama maji ya mvua, kumbe hajui hata herufi moja. Swali zuri sana, maana mimi mwenyewe, mwalimu, nilidanganywa.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1976, na lile Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limetaka ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Walimu hawakuwepo, kwa hiyo tukachukuliwa vijana tuliomaliza la saba tukafundishwa ualimu huku tunafundisha, masomo mengine kwa posta na kwa redio. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na kijana mmoja, sitamtaja jina, siku hizi ni babu. Alikuwa anasoma vizuri kuliko wote. Mkaguzi akija, namsimamisha yeye. Siku moja nikampa kitabu cha mwenzake, na kitabu kile kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa uji. Akafungua, akasoma, akafika pale penye uji, akageuza kurasa mbili kwa mpigo na akaendelea kusoma ule ukurasa uliogandana! Maneno yote, nukta hadi nukta, huku macho yake yanatazama picha ya ukurasa mwingine kabisa. Alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kuwasikia wenzake wakiimba darasani. Karibu mwaka mzima nilimsifia, kumbe nilikuwa sijamfundisha kitu.

Tangu siku ile natembea na kizibo cha soda mfukoni. Hiki hapa. Msicheke, ndicho kifaa cha kufundishia nilichokitumia kuliko chaki. Mtoto akisoma mstari, mwache amalize. Kisha weka kizibo juu ya neno la katikati, mwambie asome maneno mengine yote. Kiondoe. Muulize: hili nililokuwa nimelifunika ni lipi? Anayesoma atakwambia mara moja. Aliyekariri ataanza upya tangu mwanzo wa mstari, kama mtu anayetafuta jina kwenye wimbo. Njia nyingine: weka kidole kwenye neno lolote, aseme ni nini. Zungumza naye habari nyingine, uliza umeshinda wapi, umekula nini. Rudi weka kidole palepale. Akitaja neno lilelile, sawa. Akitaja lingine, anabahatisha. Hapo wewe hujahitaji kujua herufi hata moja, umehitaji kukumbuka tu alichosema mara ya kwanza.

Msidhani ni mchezo. Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo, wanaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipopita nyumba kwa nyumba katika wilaya nyingi za Tanzania na kuwapa watoto wa darasa la tatu hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, walioweza kuisoma walikuwa kama watatu tu katika kila kumi. Watoto wale walikuwa wanakwenda shule. Madaftari yao yalikuwa na vema nyekundu. Wazazi wao walidhani wanasoma, na baadhi yetu walimu tulidhani hivyohivyo.

Kiswahili chenyewe si kigumu kusoma, hili nataka mlijue ili msikate tamaa upesi. Irabu ni tano tu, na a leo ni a kesho. Karibu kila silabi inaishia na irabu. Mtoto akishika ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, anaanza kujijengea maneno mwenyewe kama anavyopanga matofali. Watoto wa Pwani wanaosoma chuoni, yaani madrasa, wanaiweza upesi zaidi, kwa kuwa wameshafundishwa tangu alifu kwa ujiti kwamba herufi moja ikibadilishiwa irabu inatoa ba, bi na bu. Huku kwetu wengi hawana msingi huo, tunaanza na mchanga na kijiti. Si kitu.

Penye ugumu ni pachache, na walimu tunapajua. M iliyosimama peke yake, kama kwenye mtu, mtoto anataka kuitafutia irabu na kusoma "mutu". Nyw ya kunywa. Mbw ya mbwa, ambayo mtoto anaitazama kama kichaka. Dh na th na gh, zinazomfanya aandike "zambi" na "samani". Hapo hakuna dawa ila kurudia, na kurudia kwa mchezo. Mpe atafute vitu vyenye nya hapo nyumbani: nyanya, nyama, nyasi, nyoka akiwepo Mungu aepushie.

Ng' ya ng'ombe ndiyo furaha yangu. Mwalimu kijana akitoka mkoa mwingine anapata shida kuifundisha, na watoto wetu wa Kisukuma wanamwangalia kwa huruma, maana wao wamezaliwa wanaitwa Ng'wandu na Ng'wana nani. Halafu anapofika shuleni tunaandika kwenye rejista "Mwandu". Nimewahi kuulizwa na binti mdogo: "Mwalimu, huyu Mwandu ni nani?" Alikuwa hajijui kwenye rejista. Mwalimu Mkuu, naomba siku moja tuzungumze juu ya hizi rejista.

Na hapa niwaambie walimu kitu wanachokosea sana. Kisukuma hakina r. Mtoto akiona "barua" akatamka "balua", msimkatize. Ameiona r, ameitambua, ulimi wake ndio wa nyumbani. Hilo si kosa la kusoma. Kosa la kusoma ni akiona "barua" akasema "bahari". Ulimi utanyooka wenyewe akikua, na hata usiponyooka, wapo watu wazima hapa wanaopiga "kula" kila baada ya miaka mitano na kura zao zinahesabiwa.

Sasa wazazi wenye simu kubwa na televisheni, nina neno nanyi. Mmewafundisha watoto herufi kabla hawajaja shule, na mnajivunia. Mnawafundisha ei, bii, sii. Mtoto anakuja darasani, namwandikia "baba". Anakumbuka kwamba ya kwanza ni bii, anaiona a, anaunganisha: "bi-a, bi-a". Bia bia! Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Nilipomsimulia baba yake naye alicheka, ila nadhani yeye alicheka kwa sababu nyingine.

Jina la herufi na sauti ya herufi ni vitu viwili. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015 ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tunaanza na sauti. M ni kufunga midomo na kuvuma. S ni nyoka, au mafuta yanayochemka kwenye kikaango. B ni midomo inayofumuka. Ukitaka kumsaidia mtoto kabla hajafika kwetu, mfundishe hiyo. Hata ile a be che de tuliyoimba sisi iache kwanza. Muulize: "Mama" linaanza na sauti gani? "Samaki" je? Maji na mama yanaanza sawa au tofauti? Haya ni mazungumzo ya njiani kwenda kisimani, hayataki kitabu wala taa.

Wapo pia wanaouza mbuzi ili mtoto akasome shule ya mchepuo wa Kiingereza mjini akiwa na miaka minne. Pesa ni zenu. Ila nimepokea watoto waliorudishwa kutoka huko baada ya ada kuwashinda wazazi, hawasomi Kiingereza, hawasomi Kiswahili, na Kisukuma wamekatazwa. Mtoto anajifunza kusoma kwa lugha anayoielewa. Anaposoma neno anatakiwa alisikie likiita kichwani. Neno ambalo hajawahi kulisikia haliiti.

Hapo ndipo penye kidonda chetu sisi wa vijijini. Mtoto wetu anakuja na Kisukuma, anafundishwa kwa Kiswahili. Baada ya miaka miwili anaweza kusoma "ngamia anaishi jangwani" bila kugugumia, na ukimuuliza jangwa ni nini anakutazama. Anasoma na haelewi. Wazazi wengine wakiambiwa hivyo wanaacha kuzungumza Kisukuma na watoto, wanaanza kuwasemesha Kiswahili cha kuokoteza, sentensi tatu kwa siku: njoo, kula, lala. Jamani, hapana. Msemeshe mtoto kwa lugha unayoijaza. Kama hadithi unaijua kwa Kisukuma, isimulie kwa Kisukuma, yote, na nyimbo zake ndani. Mtoto aliyezoea kufuata hadithi ya fisi na sungura mpaka mwisho, anayejua kwamba jambo la kwanza lilisababisha la pili, atalifanya hilohilo akikutana na hadithi kitabuni kwa Kiswahili. Nilikuwa nikiwajua darasani watoto waliolelewa na bibi. Ukisoma hadithi ukasimama katikati, wao ndio wanaopaza sauti kusema kitakachotokea.

Na "Kalagu!" imekwenda wapi? Nani ataniitikia?

Kize! Asanteni, naona bado mpo. Zamani kila jioni kulikuwa na vitendawili, na kutegua kitendawili ni kufikiri kwa maneno. Siku hizi jioni kuna tamthilia za televisheni zilizotafsiriwa. Sizichukii, naziangalia pia. Lakini baada ya tamthilia muulize mtoto: kwa nini yule mama amelia? Akikujibu "amelia tu", bado. Akikujibu "kwa sababu barua imefichwa", huyo yuko njiani kuwa msomaji.

Tuje kwenye vitabu. Mtaniambia nyumbani hakuna. Kweli, nyumba nyingi hazina. Hebu angalieni hapa ukumbini. Nahesabu khanga. Kila khanga ina maandishi, na mmekaa nayo mgongoni na kiunoni siku nzima. Hiyo ya mama pale mbele inasema WEMA HAUOZI. Mpe mtoto asome. Angalizo moja: khanga imeandikwa kwa herufi kubwa, na sisi tunaanza na herufi ndogo, kwa hiyo mtoto anayeijua a anaweza kuitazama A kama mgeni. Mwonyeshe kwamba ni ndugu. Kisha atakuuliza, "Mama, wema unaozaje?" na hapo mna mazungumzo ya jioni nzima. Ila chagueni khanga, jamani. Kuna zile zilizonunuliwa kwa ajili ya jirani. Mtoto akisoma kwa sauti mbele ya huyo jirani, mimi simo.

Kuna mfuko wa unga. Kuna karatasi ya sabuni. Kuna gazeti lililofungiwa maandazi, na magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia vumbi. Mwanafunzi wangu mmoja alijifunza nusu ya alichokijua akiwa amelala kitandani anatazama ukuta. Kuna maandishi ya nyuma ya Hiace, yenye hekima kuliko dereva wake. Kuna ujumbe wa simu: bibi anatumiwa pesa na mwanawe wa Dar es Salaam, basi mjukuu asome umepokea shilingi ngapi kutoka kwa nani. Namba ya siri bibi abaki nayo.

Na kuna kalenda ya mwaka uliopita. Usiichome. Nyuma ya kila karatasi ni peupe. Ikate, ikunje, ishone kwa uzi wa gunia. Umepata kitabu. Muulize mtoto leo kumetokea nini. Akisema "Mbuzi wetu amezaa mapacha, mmoja mweusi," wewe andika hivyohivyo, usimrekebishe, usimtengenezee. Kama huandiki, aliyeko darasa la tano aandike. Mtoto achore mbuzi. Kesho atasoma kitabu hicho kwa kila mgeni atakayekanyaga ua wenu, kwa sababu maneno ni yake na mbuzi ni wake. Nilikuwa na vitabu vya namna hiyo zaidi ya 60 kwenye sanduku la darasa, na ndivyo vilivyochakaa kwanza.

Kuchakaa kunanipeleka kabatini. Walimu, mtanisamehe, mimi ni wenu. Katika shule nyingi nilizopita, vitabu vya hadithi vilivyoletwa na serikali na wafadhili nilivikuta ofisini, ndani ya kabati, vimefungwa kwa kufuli, vinanukia upya. Ukiuliza unaambiwa watoto watavichana. Ndiyo, watavichana! Panya nao wanavichana humo ndani, na panya hawafanyi mtihani. Ukurasa uliochanika unabandikwa kwa ugali. Kitabu kiende nyumbani Ijumaa kirudi Jumatatu, jina liandikwe kwenye daftari, na kikipotea kimoja kati ya ishirini tuhesabu kwamba tumelipa ada ya hao kumi na tisa.

Jingine ni la kugawa walimu. Wakuu wa shule, mwalimu hodari mnampeleka darasa la saba kwa sababu ya mtihani, na darasa la kwanza anapewa aliyechoka, au mgeni, au aliyegombana na ofisi. Mimi nilipelekwa darasa la kwanza kwa ugomvi. Sikuomba kutoka. Nilipewa la saba miaka sita, na nilichokiona huko ni kwamba nusu ya kazi yangu ilikuwa kufundisha ba be bi bo bu kwa vijana wanaoota ndevu, kwa siri, baada ya vipindi, ili wasiaibike.

Kwa wale mlio na 100 na zaidi, nilikuwa nafanya hivi. Sikujaribu kumsikiliza kila mtoto kila siku, haiwezekani. Niligawa orodha kwa siku tano, watoto 27 kwa siku. Wanane niliwasikiliza wakati wa uji, mmoja mmoja, wamesimama pembeni yangu na kikombe mkononi. Waliobaki niliwapangia wa darasa la nne, kila mkubwa na mdogo wake mmoja, chini ya mti, dakika 10 kabla ya kengele ya mwisho. Wale wa darasa la nne ambao wenyewe walikuwa wanasuasua ndio walionufaika zaidi. Hakuna anayekubali kuonekana hajui mbele ya mtoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo usiku walikuwa wanajisomea kwanza.

Fimbo sitaizungumza kwa urefu. Nilianza kazi na fimbo ya mpera na niliamini inafundisha. Mtoto anayesoma mbele ya fimbo jicho moja liko kitabuni na jingine kwenye fimbo, na sauti yake inashuka mpaka humsikii, na usipomsikia hujui alipokwama. Niliiacha kwa sababu hiyo kabla sijaiacha kwa huruma.

Nyumbani kosa ni jingine. Mzazi anayejua kusoma hana subira. Mtoto akikwama kwenye neno, mzazi analisema. Akikwama tena, analisema. Mwishowe mzazi ndiye aliyesoma kitabu. Akikwama, hesabu moyoni mpaka tano. Mara nyingi kwenye tatu anakuwa ameshalipata. Asipolipata, mwambie aanze na silabi ya kwanza tu, ukiwa umefunika nyingine. Kizibo tena. Na dakika 10 zinatosha. Anayemkalisha mtoto wa miaka saba saa nzima usiku, amechoka, amechota maji, amechunga, huyo anamfundisha kuchukia.

Kuna watoto wachache ambao utafanya haya yote na hawatasogea. Kabla hujasema ni mzito, angalia masikio. Sikio linalotoa usaha halisikii tofauti ya ba na da. Angalia kama anakunja uso akitazama mbali, au analeta daftari puani. Mpeleke kituo cha afya, na mwambie mwalimu amkalishe mbele leo, asingoje cheti.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Nimeulizia jikoni, wali bado, wanasema nusu saa nyingine. Darasa la kwanza liko wazi upande ule wenye mwarobaini, na watoto wamebaki humo kwa ombi langu, kila mmoja na kitabu. Mwalimu Mkuu amekubali kufungua kabati, nashukuru. Mlangoni kuna ndoo ya vizibo vya soda, nimevikusanya kwa mama wa kibanda pale stendi. Kila mmoja achukue kimoja, akae na mtoto wake, au na mtoto wa mwenzake ambaye hakuja. Akina baba pia, nawaona mnavyosogea kuelekea kwenye pikipiki. Mwambieni "soma", halafu nyamazeni.